Chuma Kimenigomea, na Kaka Anakuja Kumchukua Mama

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba pia usinicheke kabla hujafika mwisho, maana nikianza kwa kusema shida yangu ni vyuma utadhani nimekosea ukurasa.

Mimi ni msusi, saluni yangu iko ng'ambo ya barabara, nikisimama mlangoni na kitana mkononi naliona dirisha la chumba cha mama, na ndivyo tunavyoishi tangu alipoanguka akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, daktari mwenyewe alisema umeunga vizuri, lakini miguu ilikaa kitandani mno ikasahau kazi yake, kwa hiyo miguu yake ni mimi, namtoa kitandani namweka kwenye kiti, namtoa kwenye kiti nampeleka chooni, namwogesha, namrudisha, kisha nakimbilia saluni kumalizia kichwa cha mtu nilichokiacha nusu, na wateja wangu wameshazoea, wapo wanaoondoka na upande mmoja umesukwa na mwingine umetimka, wakarudi kesho yake bila kuninunia.

Siku moja bafuni mikono iliniishia nguvu. Sikumwangusha, mshauri, naapa, niliteleza naye polepole mpaka tukajikuta tumekaa sakafuni wawili, yeye akaanza kucheka na mimi nikaanza kulia, mpaka jirani alipokuja kutunyanyua. Habari zikamfikia kaka yangu mkubwa, akapiga simu, akasema, "Humwezi mama. Sikulaumu, lakini humwezi. Mwisho wa mwezi ujao nakuja kumchukua." Kwake ni ghorofa ya tatu, yeye na wifi wanatoka asubuhi wanarudi jioni, watoto wako shule, mama atabaki na televisheni. Nikamuuliza mama anaonaje, akanijibu, "Popote mtakaponiweka, mwanangu." Mama yangu huyu, aliyekuwa hamwachi fundi seremala aondoke mpaka mlango ufunge bila kelele, leo anasema popote.

Ndipo nikaenda jim. Hospitali walimpima mama kilo sitini na mbili, nikajiambia nikiweza kuinua chuma cha kilo hizo kutoka sakafuni kaka hatakuwa na la kusema. Nilianza na chuma kitupu kisicho na uzito pembeni, na mwanzoni mambo yalikwenda kama maji, kila wiki naongeza kidogo, vijana wa pale wakanibandika jina la Kreni nami nikaringa nalo, nikafika hamsini, na hapo hapo nikagota. Mara ya kwanza kinapanda kwa shida, mara ya pili kinanitazama tu. Nikaona ni uvivu, nikaacha kwenda mara tatu kwa wiki nikaenda kila siku nikishafunga saluni, nikanunua viatu, nikanunua mkanda wa kiuno, na kila kijana ana dawa yake, huyu anasema tanua miguu, yule anasema vuta pumzi, mwingine anasema ni akili tu, jiamini. Najiamini, mshauri, chuma ndicho hakiniamini. Wiki iliyopita hata hiyo hamsini ilikataa kutoka chini.

Usidhani namtelekeza mama nikiwa huko, jirani hukaa naye. Wala simsumbui, kila nikimwinua namwambia, "Mama, legea kabisa, niachie mimi," maana yule mtaalamu wa viungo wa hospitali alituonyesha namna ya yeye kukanyaga na kujisukuma, tukajaribu siku chache, lakini akikunja uso mimi nashindwa, mtoto gani atamtazama mama yake akihangaika wakati yeye mikono yake ni mizima? Chakula nampelekea mwenyewe, ingawa siku hizi anadonoa tu halafu anasema ameshiba, mimi namalizia kinachobaki nikiwa nimesimama jikoni, na hicho ndicho chakula changu cha jioni, sina hamu ya kupika kingine. Utani lakini hajaacha, kila nikimwinua ananiuliza, "Leo nimepungua?" na tunacheka wote wawili.

Kaka anakuja. Nifanye nini chuma hiki kipande?

Ni mimi, Kreni Iliyokwama

Binti yangu Kreni,

Sikucheka, au tuseme nilicheka pale tu chuma kilipokosa imani na wewe. Kisha nikairudia barua yako, na mara ya pili sikucheka hata kidogo.

Mambo ya vyuma siyajui. Chuma kizito nilichowahi kuinua maishani ni sufuria la harusi, na hata hilo tulilishika watu wawili. Kwa hiyo nikampigia simu mama mmoja anayefundisha jim, nikamsomea barua yako yote, akanisikiliza bila kunikatiza, halafu akauliza swali moja: "Anapumzika lini?" Nikaipekua barua juu chini kutafuta jibu. Halimo.

Umeniandikia kwamba unafanya mazoezi baada ya kazi. Si kweli, mwanangu. Unafanya mazoezi tangu unapoamka. Kumtoa mtu kitandani ni kuinua mzigo, kumtoa kwenye kiti ni kuinua mzigo, kumwogesha ndiyo usiseme, na katikati ya hayo unasimama kutwa nzima na mikono iko juu kwenye kichwa cha mteja. Halafu jioni unakwenda kuuambia mwili huo huo kwamba sasa kazi inaanza! Umehesabu kilo za jim, kilo za mama hukuzihesabu, kwa kuwa mama unamwinua kwa mapenzi. Mgongo haujui mapenzi, unajua uzito.

Kocha anasema wanaoanza karibu wote hupanda haraka kisha hugota, na hilo si ugonjwa wala laana, kwa hiyo usilie. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Anasema hivi: wiki nzima usikanyage jim. Ukirudi, usiguse hamsini. Shuka mpaka thelathini na tano, uinue kwa utaratibu mgongo ukiwa umenyooka, na uwe unapanda kwa vile vipande vidogo kabisa vya uzito ambavyo vijana wenu wanaona aibu kuvigusa. Mara mbili kwa wiki zinakutosha, kwa sababu mara nyingine zote unazifanyia nyumbani. Na ule. Sio makombo ukiwa umesimama jikoni! Nguvu hazijengwi chuma kikiwa mkononi, zinajengwa baadaye, ukiwa umeshiba na umelala. Wewe hushibi wala hulali, sasa unataka zijengwe na nani?

Hayo ni ya kocha. Yangu sasa, na haya nitayasema kwa ukali kidogo, univumilie.

Unamwambia mama "legea kabisa". Unajua mtu aliyelegea anavyokuwa mzito? Muulize yeyote aliyewahi kumbeba mtoto aliyelala. Umetafuta nguvu kwa vijana wa jim, ukatafuta kwenye viatu na kwenye mkanda, na nguvu nyingine ulikuwa nayo ndani ya nyumba, umeiambia ilale. Mtaalamu wa viungo alikwambia miguu ile ifanye kazi. Mama akakunja uso, wewe ukaona adabu ni kumzuia. Mwanangu, mtu akijitahidi uso hukunjamana, hata wako ukiwa na hamsini haupendezi, na sijasikia mtu amekuja kukunyang'anya chuma kwa huruma. Heshima yako nzuri, lakini imemfanya mama mzigo, naye si mzigo. Huyu ni mwanamke aliyemshinda fundi seremala! Mrudishe kwa yule mtaalamu wiki hii, asimame naye awaonyeshe upya, na safari hii akikunja uso uhesabu naye mpaka asimame.

Na sasa nakuja pale niliposhindwa kucheka. Mama anadonoa chakula. Mama anauliza kila siku, "Leo nimepungua?" Umeyaandika mambo haya mawili yamefuatana kabisa, na hukuyaona. Mama alikaa na wewe kwenye sakafu ya bafu akakuona unalia. Amesikia kaka anakuja. Amekuona unatoka kila jioni na kurudi unatembea kama umepigwa. Ninavyoona mimi, huyo hatanii. Anafanya mazoezi kama wewe, na kwa lengo lile lile. Wewe unataka kuongezeka mpaka umfikie, yeye anajipunguza mpaka umweze. Mnakutana njiani, nyote wawili na njaa.

Naweza kuwa nimekosea, mimi namsoma tu kwenye karatasi. Kwa hiyo mtajie daktari habari ya kula kidogo, usiifiche wala usiicheleweshe. Lakini kabla ya hapo keti kitandani kwake, sahani mbili, yako na yake, umuulize waziwazi: "Mama, unaacha chakula kwa ajili yangu?" Asipojibu, utakuwa umejibiwa. Mwambie usiyoyasema kwenye simu wala mbele ya jirani, kwamba humtaki mwepesi, unamtaka nyumbani. Na umuulize tena anataka kukaa wapi. Akisema "popote", kataa jibu hilo, kama yeye alivyomkatalia fundi ule mlango.

Kuhusu kaka yako, sioni ubaya wake, ameogopa kama wewe, ila mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye hajawahi kuubeba huu. Mpigie kabla hajaja. Mwambie akija asije na begi la mama, aje na nguo za kazi, akae siku kadhaa, naye ajifunze kumshika. Wekeni chuma cha kushikilia bafuni na mkeka usioteleza, hiyo ndiyo kazi ya mtoto wa kiume mwenye huruma na mama yake. Na kwa mwezi anaweza kuja mara moja akakupumzisha. Kreni nazo huzimwa.

Hiyo sitini na mbili isahau. Sikwambii hutaifikia, kocha anasema utaifikia na kuipita ukiacha kuikimbilia. Nakwambia haikuwa mtihani wako. Siku kaka atakapoingia, usimbebe mama mbele yake kumwonyesha misuli. Msogezee mama kiti, weka mkono wako chini ya kiwiko chake, umwache aanze yeye. Atakunja uso. Kaka atataka kukimbilia, mzuie. Nanyi wawili mumtazame mama yenu akikanyaga.

Na akisimama, akikuuliza kwa mazoea yake, "Leo nimepungua?" mwambie, "Hapana, mama. Umeongezeka, na ninakuweza."