Kinywa cha Karakana

3 Machi

Shikamoo Baba,

Natumai u mzima na goti limepoa. Mimi sijambo, bado naosha vioo vya maabara hapa hospitali.

Baba, kile kikombe cha maji ya karakana ulichonipa nilimwomba daktari akipime. Maji yetu ya kung'arishia vyungu yana madini ya risasi. Ni sumu. Ule utamu tunaousubiri ulimini ndipo tuseme yameiva, ndiyo sumu yenyewe. Nakusihi, mdogo wangu Kijino asionje tena. Nimetuma kopo la unga mwingine, unang'arisha vilevile na hauhitaji kuonjwa.

Binti yako mkubwa

21 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Goti hunisumbua asubuhi tu, nikishatembea linasahau. Kopo lilifika. Wafinyanzi wenzangu walilizunguka kama wameona nyoka, mwishowe fundi wa tanuri akaumwaga ule unga chooni. Usikasirike. Tangu karakana hii ijengwe, binti wa nyumba yetu ndiye Kinywa, na chungu hakiingii motoni bila ulimi wake. Marehemu shangazi yako alionja miaka kumi na mmoja.

Halafu nina habari njema! Mdogo wako ametokwa na alama, ule mstari wa buluu kwenye ufizi. Kazi imemkubali. Wanawake walipiga vigelegele, nami nikalia kwa furaha kama mtoto.

Baba

29 Machi

Baba, shikamoo.

Mstari huo ni risasi! Nimeuona kwenye kitabu cha daktari, ufizi uleule wa shangazi. Shangazi alikufa akiwa na miaka thelathini na miwili, hajui hata jina lake, na sisi tukasema homa. Mnampigia vigelegele mtu anayekufa. Mpandishe Kijino gari aje kwangu. Wakiuliza, sema mimi naumwa. Danganya, Baba, dhambi nitaibeba mimi.

Mwanao

10 Mei

Shikamoo Baba,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Mko salama? Kijino anakula? Niandikie hata neno moja. Nimeomba ruhusa kazini, nikikosa jibu nakuja mwenyewe mwisho wa mwezi.

Mwanao

17 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sisi si wazima.

Barua yako ilikaa mfukoni mwangu wiki nzima, kisha wiki ya pili, kisha ya tano. Kila asubuhi nilisema leo nawaambia, nikifika karakana nikiona nyuso zao, nachukua udongo naanza kufinyanga. Mkono wa Kijino ukalegea, kikombe kikawa kinamponyoka. Nikasema acha tumalize tanuri hili moja tu. Hatimaye nikamkatia tiketi ya Jumanne. Jumatatu tukamzika.

Palepale kaburini niliwasomea barua yako yote. Walinisikiliza kwa heshima. Nilipomaliza, fundi wa tanuri akanishika bega. "Pole sana, mzee wetu. Lakini vyungu vimepangwa na Kinywa hatuna. Yule mkubwa anakuja lini?"

Wote wakanigeukia. Na mimi, mwanangu, mimi baba yako niliyetoka kumfukia mdogo wako, nikawajibu, "Mwisho wa mwezi."

Usije. Hata ukipata barua nyingine yenye mwandiko wangu inakuita, usije.

Baba yako