Sikio Lililopona

Kaka yangu Madeje,

Mbukwa, kaka. Hukujifunza kusoma, na kila uliponikuta na kitabu cha misheni ulikuwa ukiniuliza kama leo kimekamuliwa maziwa kiasi gani. Nakuandikia nikijua hutasoma. Lakini haya siwezi kuyasema nyumbani. Baba akisikia jina lako huinuka akaenda zizini, na mama hujifanya anatafuta kitu jikoni.

Naanza na masikio yako, kwa kuwa kila aliyekuona alianzia hapo. Bibi mtoboaji alitoboa watoto wengi wa huku Chamwino, ila ndewe zako, zile nyama za chini ya sikio, zilishuka kwa namna ya peke yake, kushoto na kulia sawasawa, mpaka zikakaribia mabega. Ulizitia pete nene za shaba. Kwenye ngoma za mavuno ulikuwa ukitikisa kichwa mara moja tu, shaba zikalia, na wasichana wakapotea katika wimbo wao wenyewe. Mimi walimu wa misheni walinikataza kutoboa, ukanipa jina la Panya. "Panya, njoo utusikilizie na hivyo vijisikio vyako." Nilicheka na wenzangu. Moyoni niliona wivu, tena sana.

Kisha Wadachi wakafikisha reli Dodoma, na jumbe akataka mwanamume mmoja kutoka kila tembe. Ulikuwa umeshaoa, ukaenda wewe. Mlikuwa mkibeba begani mataruma ya chuma ya kulaza reli, na wenzako wote walivua mapambo na kuikunja ndewe juu ya sikio isiwasumbue. Nawe ulifanya hivyo kila siku, isipokuwa asubuhi ile ambayo wanawake wa kwetu walileta unga kambini, na mke wako akiwa miongoni mwao. Ulitaka akuone ulivyo. Taruma liliposhushwa, ncha yake ilinasa pete, ikashuka nayo, ndewe ikachanika.

Ulirudi nyumbani na kilemba kichwani, umefunga hadi shingoni. Watoto wa jirani wakadhani umesilimu. "Karibu, mtu wa Kondoa," wakakuamkia, na wewe hukucheka, ambapo zamani ungewafukuza kwa utani mpaka kisimani. Mama alipokufungua kilemba, tuliona vipande viwili vya nyama vikining'inia chini ya sikio. Baba akasema, "Ni sikio tu. Wengine wamerudi bila mguu." Nami nikasema hivyo hivyo, tena kwa upole, na nadhani ule upole ndio uliokuchoma zaidi.

Ukaacha kwenda ngomani. Ukaanza kupeleka ng'ombe mbali, kwenye nyika ambako hakuna mchungaji mwingine. Shemeji alikuambia mbele yangu, "Mimi sikuolewa na shaba," ukamtazama kama mtu anayedanganywa na muuza mbuzi.

Ndipo tukamwita bibi mtoboaji. Alikwangua kingo za vile vipande kwa wembe mpaka damu ikatoka, akavishona pamoja kwa ukano wa ng'ombe, akapaka samli. Mvua zilipokuja sikio lilikuwa limeshika. Wakati wa mavuno ulipofika tena, lilikuwa limebeba pete, na ndewe ikashuka kama mwenzake. Nakuapia, kaka, ulikuwa umepona.

Tukachinja mbuzi. Hapo ndipo tulipokosea wote, na kosa lile ni la watu wa kwetu hasa: jambo likishachinjiwa limekwisha, na anayelitaja tena anaonekana analiita balaa lirudi. Kwa hiyo siku ulipomuuliza shemeji, "Bado linaning'inia?" alikuziba mdomo kwa kiganja, akiogopa. Ulipomuuliza mama, alitema mate chini na kukuomba unyamaze. Baba alikuwa mkali. "Sikio halipiti kichwa," akakuambia. "Nimesema limekwisha. Toka nje na ng'ombe."

Hukutoka. Ulilala kwenye ngozi yako ukiutazama ukuta, mkono umelishika lile sikio. Uliniambia mara moja, watu wengine wakiwa shambani, "Naviona vipande viwili, Panya. Nikifumba macho naviona, nikifumbua naviona. Watu wakizungumza nami wanazungumza navyo." Nikakuletea kioo nilichopewa na mwalimu. Ulikitazama kwa muda mrefu, ukanirudishia, ukasema kioo cha Wazungu kina adabu kama mama.

Kisha ukanishika kijisikio changu kwa vidole viwili na kusema, "Tubadilishane." Sikujua nicheke au nilie. Uso wako haukuwa na utani wowote.

Ulianza kukataa mlenda, kisha ugali, mwisho hata uji wa uwele. Mganga aliletwa, akamtafuta aliyekuloga kati ya watu waliokupenda. Majirani walisema umezoea uvivu wa kambi. Nilikuwa nikikaa kando yako, nikikusomea zaburi usizozitaka, na mifupa ya mabega yako ikizidi kuchomoza. Shemeji alikulisha kijiko kwa kijiko kama mtoto, nawe ulimeza ili asilie. Siku moja hukumeza tena.

Nina hasira, kaka. Hasira na taruma, na aliyekuita ulibebe, na yule mbuzi, na neno "tu" ambalo sote tulilibandika kwenye sikio lako kana kwamba ni dawa. Na wewe pia nimekukasirikia. Nakukumbuka ukitikisa kichwa ngomani, shaba zinalia, halafu nakumbuka kwamba mtu yule alikuwa bado yupo mbele ya macho yetu, mzima, na wewe peke yako ndiye uliyekuwa humwoni.

Kuna jambo moja la siku ya kukuzika ambalo sikumwambia mtu. Mama alitaka akupake samli kichwani kwa mikono yake, mimi nikikuinua. Alipaka uso, akapaka shingo. Alipofika masikioni alitaka alipake taratibu lile lililochanika, asiliumize. Akapapasa la kulia. Akapapasa la kushoto. Akarudia la kulia, vidole vikitafuta kovu. Kisha akaniinulia uso.

"Lilikuwa lipi?" akaniuliza.

Nikayatazama yote mawili, kaka, na sikujua.

Pumzika sasa, hakuna anayekutazama.

Mdogo wako,
Panya