Kadi ya Neno la Kutapika

Wirrabilla, New South Wales
9 Machi 2003

Mdogo wangu Merle,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Hobart, goti limeacha kukusumbua, na yule paka wako mwenye jicho moja bado anawatia adabu mbwa wa majirani. Mimi sijambo. Daktari kanikataza bia, chumvi na mafuta, nami nimemkataza kuja kwangu saa za chakula. Mvua hatujaiona tangu Oktoba. Kondoo wa Keith wamekonda mpaka ukimkata mmoja manyoya unabaki umeshika mbuzi. Keith anakusalimu. Anasema shangazi yake ndiye mtu pekee wa ukoo huu mwenye akili, na mimi sikubisha, maana alikuwa ananiendeshea gari.

Sasa kaa kitini. Si msiba. Kaa tu.

Wiki mbili zilizopita alikuja kwetu klabuni bibi mmoja mwembamba wa chuo kikuu, Bi. Farquhar, anayezunguka miji midogo akikusanya maneno ya Kiingereza chetu kwa ajili ya kamusi. Mwenye klabu akamwambia kama anataka maneno machafu, mzee Clarrie Hobday ndiye ghala lake. Basi akaniletea chai (bia nilimwomba, akasema kanuni za kazi yake zinakataza) akaniuliza nalijua neno chunder. Nikamwuliza kama kondoo analijua jani.

Nikamweleza kuwa ni kutapika, ila si kutapika kwa kila mtu. Mtoto mwenye homa hutapika, bibi mjamzito hutapika, na hao unawapa pole. Kuchunder ni kwa yule aliyejitakia mwenyewe: bia kumi, pai mbili za nyama za moto, kisha akapanda bembea. Huyo hapewi pole, anachekwa. Nikamwambia pia kuwa enzi zetu lilikuwa neno la wanaume kwenye banda la kukatia manyoya, na siku Mama aliponisikia nikilitaja mezani alinipiga na mwiko wenye uji.

Akataka kujua limetoka wapi. Nikamtolea ile ya mzee Wally Treloar, kwamba zamani kwenye meli za kuja huku, abiria wa juu akizidiwa aliwapigia kelele wa chini waangalie vichwa vyao, “Watch under!”, na ile kelele ikafupishwa ikawa neno. Bi. Farquhar akatabasamu kama mwalimu anayesikia kuwa mbwa kala daftari. Alisema kila mji anaofika anaipata hadithi hiyo, na hakuna aliyewahi kumwonyesha hata karatasi moja. Yeye anaelekea zaidi kwenye tangazo la zamani la dawa ya viatu, lenye mtu wa kuchorwa ambaye jina lake lilianza na Chunder, na mwisho wake ulilingana kwa sauti na neno letu jingine la kutapika. Watu wakawa wanataja jina lake kwa mzaha, baadaye nusu ya jina ikatosha. Lakini alisema haapi. Nikamwambia basi nusu ya nchi inatapika kwa heshima ya viatu. Akaliandika na hilo. Mwanamke wa hatari.

Hapo ndipo nilipojikwaa. Kumbe kazi yake haitaki maana wala hadithi, inataka ushahidi. Ana vikadi vyeupe, na kila kadi lazima iwe na sentensi yenyewe, nani kaisema, wapi, mwaka gani, na nani alisikia. Nami nilivyo na tamaa ya kuingia kitabuni, mdomo ukakimbia mbele yangu. Nikamwambia: Maonyesho ya wakulima ya Wirrabilla, mwaka 1952, kwenye hema la keki. Sentensi: “Njooni muone, Bert kachunder juu ya keki ya Merle!” Msemaji: mimi.

Alifurahi kama kaokota dhahabu. Akaandika jina zima, Albert Pascoe, akasema sentensi hai namna hiyo huenda ikaingia kwenye kamusi kama mfano. Kisha akanisomea kadi yote kwa sauti. Merle, nimewadanganya mapolisi, mchungaji na marehemu mke wangu, lakini sijawahi kusomewa uongo wangu mwenyewe kwa mwandiko safi. Nilimwambia iko sawa. Nikaenda nyumbani, nikashindwa kula, na unanijua.

Unayoyajua wewe ni haya. Keki yako ya matunda uliilisha ramu wiki sita, ukaificha Baba asinuse. Ikapata utepe wa buluu, ule wa mshindi wa kwanza. Ukaja na Baba kuitazama, mkanikuta mlangoni mwa hema napiga kelele, na ndani Bert kasimama na leso mkononi, keki imeharibika, utepe umeloa. Baba akamwita mlevi mbele ya kijiji kizima. Bert hakujibu. Jumatatu ukamrudishia pete yake ya uchumba, na mwaka uliofuata ukaenda Tasmania na mumeo Les, ambaye alikuwa mtu mwema, sisemi kitu.

Usiyoyajua ni kwamba Bert siku ile hakuwa amegusa hata glasi. Ni mimi, Merle. Nilikunywa tangu saa nne asubuhi na wakata manyoya wa kutoka Bourke, nikaingia hemani kutafuta kivuli, nikachunder, na keki yako ndiyo iliyokuwa karibu. Bert aliingia akanikuta, akanisukuma nitoke kwa chini ya turubai nyuma, yeye akabaki anapangusa. Nikazunguka hadi mlangoni ili nionekane ndiyo kwanza nafika, nikawaona mnakuja. Baba alikuwa keshaapa kwamba akinikuta nimelewa mara moja tena, sitakanyaga shamba lake. Basi nikapiga ile kelele. Watu wakacheka, na kelele ikawa kweli kwa miaka hamsini na mmoja.

Asubuhi ya pili nilikwenda kwa Bert. Bado yuko peke yake kwenye ile nyumba ya mwisho, anafunga nyanya zake kwenye vijiti. Nikamwambia kadi imeandikwaje, nikamwuliza kwa nini hakusema neno siku ile. Akajibu kwamba mtu hamchongei rafiki yake, hata mimi naijua hiyo, na kwamba nilikuwa bwege lakini nilikuwa bwege wake. Alidhani nitakwenda mwenyewe kwa Baba kesho yake. Kisha alidhani keshokutwa. Nikamwuliza, na Merle je? Hapo akafunga mche aliokwisha kuufunga. Baadaye akauliza kama bado unapika keki.

Nikampigia simu Bi. Farquhar. Anasema anaweza kuichana kadi, au kuisahihisha, ila ikisahihishwa anataka sahihi ya mtu mwingine aliyekuwepo. Sasa waliokuwepo wote wako makaburini, isipokuwa watatu. Mimi ndiye niliyedanganya, Bert hasaini kitu cha kunichongea hata nikimwomba mwenyewe, umebaki wewe.

Kadi mpya nimeiambatisha. Nimeiandika kwa mkono wangu: “Nilichunder juu ya keki ya dada yangu, nikamsingizia Bert.” C. Hobday, Wirrabilla. Utaona nafasi ya shahidi iko chini. Ukitaka kuichoma, choma. Ukitaka kutonisemesha tena, nitajua nimepewa nilichopika. Samahani haitoshi, najua, lakini ndiyo hiyo niliyo nayo.

Msalimie jirani yako mwenye piano, na umkune paka kichwani kwa niaba yangu. Ndani kuna bahasha ya kurudishia, stempu tayari. Nimeiandika kwa jina la Bert, kwenye ile nyumba ya mwisho. Usinifokee. Mkono wa mzee hutetemeka.

Kaka yako aliyechelewa,
Clarrie