Ekzosi Mpya Imemponya Mama Mkwe Ambaye Hakuwa Mgonjwa

Mshauri wetu mpendwa,

Nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana Jumamosi mume wangu ameagiza vipaza sauti na viti vya plastiki, na mama yake atasimama mbele ya mtaa mzima kutoa ushuhuda wa jinsi masikio yake yalivyozibuka kwa sababu ya ekzosi ya pikipiki, na mimi ndiye mtu pekee, ukimtoa yeye mwenyewe, ninayejua kwamba masikio yale hayajawahi kuziba hata siku moja.

Nianze mwanzo usije ukadhani nimechanganyikiwa. Mume wangu anafanya kazi kwenye duka la miwani, ni mtu mpole, hana ulevi wala mambo ya nje, ila ana pikipiki ya zamani aliyoachiwa na marehemu baba yake, chuma kizito cha kijani kilichotengenezwa kabla mimi sijazaliwa, na baba mkwe alipofariki mama mkwe akahamia kwetu na pikipiki ikaja naye kama pacha wake. Ekzosi, lile bomba la kutolea moshi, ilikuwa imeliwa na kutu mpaka imetoboka, ikinguruma vioo vya madirisha vinatetemeka, na mume wangu akishaizima anaingia ndani, anakaa karibu na mama yake na kuanza kumsimulia habari za pikipiki, leo karbureta imefanya hivi, leo mnyororo umefanya vile, kila jioni ya Mungu. Jioni moja mama akasema, "Eh?" Mume wangu akarudia kwa sauti zaidi. Mama akasema tena, "Eh?" Mume wangu akamwangalia kwa huruma, akamshika mkono, akanyamaza. Kesho yake tukiwa tunamenya viazi mama akaniambia, "Mwanangu, ile 'eh' imenipa raha ambayo sijaipata tangu nihamie hapa." Basi akabaki hapo hapo kwenye "eh".

Mimi nikamtunzia siri, na nisikudanganye, nilifaidi, maana mama mkwe ana maneno ya kuchekesha na tulikuwa tunashinda jikoni tunapiga soga na kumsengenya kila mtu pamoja na mume wangu mwenyewe, na ile pikipiki ndiyo iliyokuwa mlinzi wetu, ikikata kona pale kwenye duka la vifaa vya ujenzi tunaisikia, mama anajiweka sawa kwenye kiti, uso unakuwa kama ukuta.

Kumbe mume wangu alikuwa akijilaumu usiku na mchana, akiamini kelele za ekzosi yake ndizo zilizomharibu mama yake masikio. Akazunguka kutafuta nyingine, spea za pikipiki ile hazipatikani tena, mwishowe fundi mmoja tunayemwita Bingwa akamkunjia bomba jipya na kumtengenezea sailensa ya kumeza kelele, na boliti za zamani zilivyokuwa zimeganda kwa kutu ikabidi zipashwe moto ndipo zikubali kutoka. Hakutuambia kitu, alitaka kutushangaza.

Siku hiyo akarudi na pikipiki inanong'ona. Mama alikuwa amesimama katikati ya jiko, amevaa sufuria kichwani badala ya kofia ya pikipiki, anamwigiza mwanawe, "Leo karbureta, mama! Leo karbureta!" na mimi nimeinamia meza mbavu hazina hali. Nikasikia nyuma yangu, "Mama?"

Mama akageuka, tena upesi. Kiziwi gani anageuka?

"Mama, umenisikia?"

Mama, sufuria ingali kichwani, akaweka kiganja sikioni, machozi yakamlenga, akasema taratibu, "Mwanangu... hiyo ni sauti yako?"

Mume wangu akapiga magoti pale sakafuni akalia kama mtoto. Na mimi nikalia, ila kwa sababu yangu nyingine.

Sasa mtaa mzima una habari. Wanasema mtu wa miwani hawezi kukosea mambo ya masikio, kwani macho na masikio si majirani? Bingwa ameandika ukutani kwake kwa rangi nyekundu, EKZOSI NA MASIKIO. Wazee wanaletwa uani kwetu, wanakalishwa kwenye benchi, pikipiki inawashwa, wanainama mmoja mmoja kutega sikio, na mmoja wao ameapa kwamba anasikia vizuri zaidi, ingawa mke wake anasema huyo neno "chai" hajawahi kulikosa maisha yake yote. Haya ningeyacheka tu, lakini jirani yetu mshonaji ana baba yake anayetoka usaha sikioni, daktari ameshamwita kliniki, na juzi huyo mshonaji ameniambia, "Dada, tunasubiri kwanza Jumamosi."

Nilimwambia mama mkwe tuseme ukweli. Akanijibu, "Niseme nini? Kwamba nilimdanganya mwanangu mpaka akapiga magoti? Bora niwe kiziwi tena. Tuseme ekzosi imeisha nguvu." Ndipo tukaamua kuilegeza ianze kelele upya, mume wangu karudi tu kutoka kazini na yuko bafuni, mimi na spana, mama na kopo la mafuta, na hata nati moja haikusogea, nikaishia kuungua mkono kwa lile bomba la moto. Mume wangu alipotukuta alinipaka dawa ya kuungua huku akinishukuru kwa kumsafishia pikipiki. Mshauri, ananishukuru! Nifanye nini mimi?

Wako,
Mkwe wa Kiziwi Anayesikia

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu,

Pole kwa mkono. Pole nyingine sina, nyingine nimemwekea mumeo.

Acha gazeti hapo mezani, nenda kwa mshonaji sasa hivi. Usimsubiri mama mkwe, usisubiri Jumamosi. Mwambie pikipiki haitibu masikio, na kama hakuamini mwambie yote, na aibu ikupate huko huko mlangoni kwake. Mzee anatoka usaha, na nyinyi mnashindana na nati? Mpeleke mwenyewe kliniki, umshike mkono. Ukirudi ndipo uendelee kusoma.

Umerudi? Haya.

Jana nilipigiwa simu na mama mmoja, hakujitaja, akaniuliza kama mtu aliyepona anaweza kuugua tena bila watu kumshuku. Nilikuwa na barua yako mkononi. Nikamwambia, "Mama, vua sufuria tuzungumze." Akacheka, kisha akalia. Nikushuhudie kwamba anasikia vizuri kuliko mimi.

Na ameniruhusu nikuambie jambo ambalo wewe, pamoja na soga zenu zote za jikoni, hukuambiwa. Baada ya ile "eh" mumeo hakunyamaza kweli. Jioni ukiwa jikoni aliendelea kukaa pale na kusema na mama yake kwa sauti ya chini, kwa kuwa aliamini hasikii. Siku moja akamwambia, "Mama, hii pikipiki siipendi. Inaniumiza mgongo, inaniaibisha njiani, kila wiki ina ugonjwa mpya. Lakini nikiiuza utadhani nimemuuza baba, ndiyo maana nilikuwa nakupa habari zake kila siku, ufurahi." Mama akakaa na uso wake kama ukuta, na alitamani kumjibu kwamba na yeye haipendi, hajawahi kuipenda tangu siku ya harusi yake alipopakiwa nyuma na gauni likaingia kwenye mnyororo. Lakini atajibuje, naye ni kiziwi? Akatumbukia kwenye shimo alilolichimba kwa ajili ya kupumzika, na wewe ukakaa pembeni kumfanyia ulinzi.

Kwa hiyo mna nyumba ambamo mtu anaendesha chuma asichokipenda kwa ajili ya mtu ambaye hakipendi, na juu yake amekivalisha bomba jipya. Mimi kazi hii nimeifanya miaka mingi, lakini nyinyi mmenishinda.

Sikia sasa. Mama aseme leo, yeye kwa mdomo wake, nyumbani, si kwenye kipaza sauti. Wewe uwepo, na ukianza kucheka toka nje. Mumeo atakasirika, na ana haki yake, mwacheni akasirike mpaka amalize, asiwepo wa kumwambia "lakini". Bingwa afute ule ukuta wake, mumpelekee maji na brashi. Viti msivirudishe. Jumamosi watu wakija waambiwe ukweli wakiwa wamekaa, halafu pikipiki itangazwe kwamba inauzwa, ekzosi mpya, sababu ya kuuza ni mapenzi ya familia.

Mama aliniuliza aanzeje, maana maneno yanamkwama. Nimemwambia asizunguke wala asitaje masikio. Akae kwenye kiti chake, mwanawe akija kukaa karibu amshike mkono, amwambie, "Ile siku uliyoniambia mgongo unakuuma, nilikusikia." Kisha anyamaze, amsubiri.