Dungusi Imechanua Chumbani Kwako

Kaka,

Sisi wazima, isipokuwa goti la Mama. Kuna jambo limenishangaza. Unaikumbuka dungusi ya sebuleni, ile ya kuchanua sikukuu, ambayo miaka yote haitoi hata ua? Nilikata kipande, nikaacha kidonda kikauke, nikakipanda kwenye kopo dirishani chumbani kwako. Kimejaa maua mekundu. Dungusi mama sebuleni bado kanuna.

Udongo mmoja, maji yale yale. Nikamuuliza muuza miche.

“Hiyo bila giza refu haichanui. Humo chumbani mnawasha taa?”

Hatuwashi, tangu ulipogombana na Baba ukaondoka.

Nilimweleza Baba. Aliyatazama maua, kisha akasema, “Mwandikie. Akija awashe taa. Maua yakidondoka, yadondoke.”

Mdogo wako,
Bi Maswali