Shikamoo ya Mchumba

Jumapili, Pasua

Niliitikia marahaba, ningefanya nini?

Leo tulikuwa Kibosho, shemeji yangu akimtambulisha mchumba wake. Yule binti akanishika mikono yote miwili: "Shikamoo mama. Mwanao ametupokea vizuri mno."

Mwanao! Alikuwa anamwonyesha mume wangu.

Miezi yote hii najipaka krimu ya kuondoa mikunjo. Niliuza mtamba wangu ili niinunue. Mama mkwe anaoga kwa sabuni ya kufulia na uso unamng'aa, na ndiye aliyecheka kuliko wote.

Kucheka si kitu. Mume wangu hakucheka. Wala hakumsahihisha, aliinamisha macho tu, kama mtu aliyeona aibu.

Sasa hivi nimekwangua kikopo kwa kidole. Kesho, Mungu anisamehe, nitanunua kingine.