Yaya Aimée Anasalimia kwa Kifundo

Jumatatu, 6 Oktoba
Nyumba imekuwa kubwa leo. Yaya Aimée, dada yangu mkubwa, ameanza kazi kwenye kiwanda cha mikate — mimi nimebaki. Mimi mwenye diplôme! Nilikuwa nimepiga pasi shati langu pia. Nilifikiri nitamsindikiza, maana tangu utoto hatoki bila mimi. Lakini Madame Nathalie, mwenye kiwanda, amesema mtu aliyezaliwa na trisomie ya Down, kama yaya, anaweza kazi bila mlinzi. Ni kweli. Mimi ndiye nisiyejua kukaa peke yangu. Nimefagia uwanja, halafu nikaufagia tena.

Jumatano, 8 Oktoba
Yaya amerudi ananukia chachu. Nikampa mkono. Yeye akakunja wake, akanipa kifundo cha mkono, kama mtu aliyetoka kuparua samaki. Na mikono yake ni safi!
"Kwa kazi tunasalimianaka hivi," anasema.
Mama alicheka mpaka akakaa chini. Sasa nyumba nzima tunapeana vifundo. Hata papa.

Jumamosi, 11 Oktoba
Picha yake iko Facebook, na kwenye panneau, lile bango kubwa karibu na soko. Kofia nyeupe, Madame amemshika mkono, wote wanacheka. Chini wameandika: Kwetu, kila mkono una kazi. Watu wa kanisa wananisimamisha: "Wewe ndjo leki ya ule wa panneau?" Ni leki tu, mdogo wake; jina langu hawaulizi.
Nimemtumia rafiki yangu Colette ile picha. Tangu aende Kinshasa kusoma haandiki. Ameweka moyo tu.

Jumanne, 14 Oktoba
Yaya alisahau lituma yake, ndizi za kuponda za mchana. Nikapanda toleka, dereva akakanyaga baiskeli haraka, nikafika watu wanaingia kazini. Sikuthubutu kupita mlango. Nilichungulia.
Wanasalimiana kwa mkono! Wote, mmoja mmoja. Papa Anselme, mkubwa wa tanuru, alishika mikono yote. Akafika kwa yaya — akakunja wake.
"Niko na unga, mama."
Unga gani? Walikuwa hawajafungua hata gunia! Wengine wakamfuata: kifundo, kifundo. Mama mmoja mwenye mimba alimnong'oneza mwenzake kwamba ile kitu ya yaya isije ikamwingia mtoto wa tumboni. Na yaya anacheka, anatoa kifundo chake kwa kila mtu.
Chakula nimemwachia sentineli wa mlangoni. Nimerudi kwa miguu.

Alhamisi, 16 Oktoba
Madame amempigia papa wetu simu. Anataka mtu wa kuandika Facebook ya kiwanda, Kifaransa kizuri, habari za yaya hasa. Naanza kesho. Kuna mtu ananitaka!
Nilimweleza papa niliyoyaona. Akasema nisipeleke maneno pale, watatufukuza wote wawili, na yaya anaipenda kazi yake.
Jioni yaya amenifundisha. Amenikunja mkono mwenyewe, polepole.
"Usitoe mukono yote, leki. Batakuchekelea."
Hataki niaibike. Lakini kesho watanipa mkono mzima — na yeye atakuwa pembeni yangu, anaona.

Ijumaa, 17 Oktoba
Naandika nyuma ya stoo, saa ya kula.
Asubuhi papa Anselme alinyoosha mkono. Mkono wote, vidole wazi.
"Karibu, petite!"
Yaya alikuwa ananiangalia. Nikakunja mkono wangu, nikampa kifundo.
"Eh! Mukono yako iko na nini?"
"Unga," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. Bado sijagusa unga hata siku moja!
Hakucheka. Nyuma yake wengine walisimama na mikono yao hewani, hakuna aliyejua aupeleke wake wapi. Yaya peke yake alipiga makofi: "Amejua! Leki yangu amejua!"
Tangu pale hakuna anayeongea nami. Dirisha la Madame liko wazi, nasikia papa Anselme anamweleza kitu, nasikia jina langu.
Yaya amekuja kukaa karibu nami na kwanga yake, mkate wa muhogo. Haili. Ameuliza kwa nini papa Anselme alinipa mimi mkono wote.
Amefungua kiganja chake. Anakiangalia. Ananingojea.